Herufi za Ukindu

Nimeandika majina ya mashua na vibao vya maduka hapa Kilindoni tangu ujana wangu, na sijapata kuandika herufi nzuri kama za mke wangu. Yeye hashiki brashi. Anasuka mikeka. Herufi zake zinatoka katika chane za ukindu zilizotiwa rangi nyeusi na zambarau. Msuko huenda mshazari, kwa hiyo O yake ina pembe nne, na U yake imechongoka chini kama mkuku wa chombo.

Uzuri huo ninauona leo. Binti yetu alipoolewa sikuuona. Mama yake alimsukia mkeka wa harusi wenye maneno MOLA AWATUNZE, kazi ya miezi mitatu. Mimi, msomi wa sekondari niliyezoea kunyoosha herufi kwa rula, niliona makosa tu. Siku mbili kabla ya harusi, mke wangu akiwa shamba, niliutandaza mkeka barazani nikaifanya ile O duara kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka mashua. Nikaigeukia na U. Rangi ilipokauka juujuu nikaukunja mkeka kama nilivyoukuta, huku nikijisifu.

Dada yangu ndiye aliyenisimulia yaliyotokea ukweni. Mkeka ulikuwa umegandana. Walipouvuta ukunjuke, chane zikakatika, na duara langu likabaki nusu huku, nusu kule.

"Haa!" alisema shangazi wa bwana harusi. "Wenzetu wameukalafati mkeka kama mashua! Tuulalie au tuushushe majini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mke wangu akasema, "Rangi ilinimwagikia mimi."

Nyumbani aliniambia neno moja tu: "Ungeniuliza." Tangu siku hiyo akasuka mikeka mitupu, bila hata herufi moja. Nami, kwa kiburi, nilinyamaza miaka yote hiyo.

Mwaka huu mjukuu wetu amechumbiwa. Alimwomba bibi yake mkeka wa maneno, akajibiwa, "Kamuulize babu yako." Nikajua nimeitwa. Nikamfuata mke wangu uani, alikokuwa akichana ukindu.

"Mjukuu anataka herufi," nikasema.

"Si wewe fundi wa herufi? Mwandikie."

"Siwezi. Nilikuharibia mkeka, kisha nikakuacha useme uongo mbele ya wakwe kwa ajili yangu. Nisamehe, mke wangu."

Hakuinua macho. "Rangi zako ziko wapi?"

"Nimezifungia kabatini."

"Ufunguo?"

Nikampa. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, ndipo akacheka. "Haya, kaa chini bwana, unihesabie chane. Na ukikosea nitakufumua wewe."

Nilihesabu wiki nyingi. Nikajifunza kwamba herufi moja inaanza kupangwa kabla jicho halijaiona, na kwamba kichwa cha mke wangu kinabeba hesabu ambayo mimi na rula yangu tusingeiweza.

Siku ya kuupeleka mkeka niliubeba mwenyewe begani. Wazee wenzangu wakaniita njiani. "Fundi, tumesikia kuna maandishi humo. Umeyachora wewe?"

"Mimi niliyaharibu ya kwanza," nikawajibu. "Haya ni ya mke wangu."

Nikaukunjua pale pale njiani, wayaone.