Zuhura Aliponiita, Nikaitika

Usiku ule nililala tena bila kumeza dawa zangu za presha. Tangu tumzike Zuhura sikuwa nikijali kitakachonipata. Alikuwa mwalimu mwenzangu, amenizidi umri, na tulikuwa na mtindo wetu: kila mwezi ukiandama tunakutana kwake kwa kahawa, tunachagua mwanafikra mmoja wa zamani, tunakaa na maneno yake mwezi mzima. Mwezi ukiisha, kila mmoja anasema amewaza nini kipya. Alipokufa, miezi ikawa inapita tu.

Ndotoni nikasikia naitwa uani. "Mwanaisha."

Marehemu mama alikuwa akituonya: maiti akikuita ndotoni, nyamaza. Lakini sauti ile niliizoea mno, na aliyenizidi umri sijazoea kumnyamazia. "Abee," nikasema. Neno limeshanitoka, nikajua nimekwisha.

Nikatoka uani, na uani ni darasani kwetu, mchana, jua kali, wala hakuna kitu chenye kivuli. Madawati yamejaa wazee wa vilemba, wa majoho, wa mashuka. Nikawatambua bila kuambiwa. Ni wale wanafikra wetu, wote. Ningedhani nitafurahi kuwaona, kumbe meno yalikuwa yakigongana kwa woga, maana hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua.

Zuhura amesimama ubaoni, miguu peku, ina udongo mbichi. Anaandika miezi. Mfunguo Mosi. Mfunguo Pili. Kila akimaliza mmoja, mzee mmoja ananyanyuka, midomo inacheza, sauti haisikiki, kisha anaketi. Alipoandika Mfunguo Sita akanigeukia.

"Huu wako. Uliwaza nini?"

Nikatafuta kichwani, hamna kitu. Nilitaka kusema nilikuwaza wewe, ulimi ukakataa. Vichwa vyote vimenigeukia sasa, na katikati yao naona nafasi kwenye dawati, inamtosha mtu mmoja. Miguu inakwenda yenyewe. Nimekaa. Baridi inanipanda mgongoni. Mbele yangu pana kikombe cha kahawa, na Mungu anisamehe, pamoja na hofu yote ile nilitaka kuinywa. Nilikuwa nimemkosa mno rafiki yangu.

Kikombe kinagusa mdomo. Mkono wa Zuhura ukanidaka, mgumu, wa baridi, akaninyang'anya, kahawa ikamwagika sakafuni. Akiwa hai hakuwahi kunitazama kwa hasira namna ile.

"Hawa wamemaliza miezi yao," akasema. "Inuka. Usije kwangu mikono mitupu."

Nikaamka natweta, shuka limelowa jasho. Kumeanza kupambazuka. Mume wangu ameketi kitandani, amenishika bega.

"Ulikuwa unaitika, Mama Nuru. Nani kakuita?"

"Zuhura."

Niliona na yeye ameogopa. "Ukamfuata?"

"Nilimfuata. Akanifukuza."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi, akaenda kuniletea maji.

Nilimeza dawa mbele yake, naye akanipapasa mgongo kama mtu ambaye jambo lake limekwisha salama. Sikuwa na moyo wa kumwambia lililobaki. Zuhura hakusema nisiende. Alisema nisiende mikono mitupu.