Nilisema Mashine Haikosei

Mie ni mkosaji, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilitamka neno moja la uongo, likamvunja mtu mkono. Nisikilizeni kwanza, ndipo mnilaani.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepanga chumba Temeke. Kazi yangu fundi redio, ugonjwa wangu kompyuta kuukuu. Zile ndogo za nyumbani, unachomeka kwenye televisheni, programu unaipakia kwa kaseti. Zilikuwa zinatoka Kurasini, kwenye makontena ya mitumba. Nilikuwa nazo sita, nyingine nimezifufua kwa waya wa pasi!

Chumba cha pili alikaa Bakari, mchonga vinyago kutoka Newala. Ndiye aliyenitengenezea meza ya kuziwekea. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Nikajifundisha kuandika programu kwa kitabu kilichochanika jalada. Siku moja nikatunga mchezo, nikaingiza majina ya wapangaji wote. Unauliza swali, rangi zinacheza kwenye kioo, kisha linatokea jina. Nani anakoroma? Nani ataolewa? Tulicheka mpaka machozi! Mashine ilikuwa inachagua ovyo tu. Hilo tulilijua wawili, mie na Bakari.

Basi ikamtaja dada mmoja kwamba ataolewa, na wiki ile ile akaja kuposwa. Kicheko kikaisha. Watu wakawa wanavua viatu mlangoni kwangu. Walionizidi umri wananipa shikamoo! Ningewakataza. Sikuwakataza. Niliipenda ile heshima, jamani, niliipenda.

Ijumaa moja, watu wametoka kuswali, akaja Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, analia. Hereni za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yake hazionekani. Nyuma yake wanaume watano, wamenuna.

"Mwanangu, iulize."

Nikabonyeza. Rangi zikacheza. Likatokea: BAKARI.

Bakari mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, patasi mkononi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Akacheka. Masikini, alidhani bado tunacheza!

"Hebu waambie, fundi. Waambie inavyochagua."

Mwanaume mmoja akanigeukia. "Eti, hii mashine huwa inakosea?"

Wote wakanitazama. Nikaziona zile shikamoo zinaniponyoka. Nikaona watakavyonicheka mtaa mzima.

"Haikosei," nikasema.

Walimburuta uani. Mie nilibaki ndani. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio!

Mkono wake wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Mkono wa kuchongea!

Siku ya tatu hereni zikaonekana nyuma ya pipa la mchele la Mama Zuhura mwenyewe. Nikashusha pumzi, nikajua sasa watamwomba radhi. Thubutu! Mama Zuhura akaniletea sahani ya vitumbua.

"Umeona? Kazirudisha kwa kuiogopa mashine yako."

"Mama, si yuko hospitali?"

"Ah! Wezi wana watu wao."

Siku ile ile wakaja watu hata nisiowajua, wakapanga foleni mpaka nje ya ua. Wa kwanza alikuwa mwanaume mpole, ameshika kofia yake. Akaniomba niingize jina la mkewe na majina ya majirani zake wanne. Nikamtazama mikono. Nikaukumbuka ule mkono wa Bakari! Nikachomoa waya, nikadanganya kwamba imeungua.

Nikaenda hospitali. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Bakari kila kitu, kana kwamba alikuwa hajui.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mie unaniambia nini? Nenda kawaambie wao."

Sikwenda. Ee Mola wangu, sikwenda! Nilihama, nikajificha Kipawa. Bakari alirudi kwao Newala, vidole haviwezi tena kukamata patasi. Nasikia mpaka leo pale Temeke anaitwa mwizi. Zile kompyuta nilizigawa zote. Nimeoa, nina wajukuu, lakini rafiki wa kula naye sahani moja sijampata tena.

Ndugu yangu unayesoma, watu wakianza kukuogopa kwa jambo usilokuwa nalo, wakatalie siku hiyo hiyo. Na mwenzio akisingiziwa mbele yako, ukweli unao wewe, useme pale pale, mbele ya walewale. Mie niliusema wodini, nimeinama, kwa sauti ndogo. Haukumsaidia mtu.