Shokapu Zilizopakwa Rangi

Baba yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji daktari akataka amwone kliniki kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Tunakaa Kimara, juu kilimani, na kutoka nyumbani hadi kufika lami ni makorongo na mawe matupu. Gari tulilo nalo ni pikapu yake kuukuu, niliyoanza kuiendesha mimi alipostaafu udereva wa malori ya Kurasini.

Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa. Ukivuka tuta moja, gari linadunda mara nne. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza ya kliniki niliipeleka gereji wanibadilishie. Fundi alikuwa chaguo la baba. Zamani alikuwa utingo wake. Wamelala pamoja chini ya lori njia nzima ya Tunduma, na mpaka leo baba humwita mwanangu. Nilipofuata gari jioni, fundi aliinama akanionyesha shokapu mbili nyeusi, zinang'aa. Nikamshukuru.

Jumatatu ikafika. Baba hakuweza kukunja nyonga akae kiti cha mbele, tukamlaza nyuma kwenye godoro, mdogo wangu wa kike amemshikilia mabega. Baba si mtu wa kulia. Siku tuliyomzika mama alisimama kama nguzo. Lakini kwenye korongo la pili mdogo wangu alinigongea kioo, na kwenye la tatu nikasikia ukelele ambao mwanzoni sikujua ni wa nani. Nilipunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wakawa wananipita. Haikusaidia kitu. Tulipofika, baba alikuwa ameng'ata kona ya shuka, jasho linamtiririka. Nesi akanitazama, akauliza, "Mmemleta na nini huyu mzee?"

Jumamosi nilivaa suruali ninayovaa nikisimamia wanafunzi michezoni, nikaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, nikapiga jeki, nikaegemeza gari kwenye stendi mbili za chuma za jirani, kisha nikaingia chini. Nilitaka kuangalia tu. Rangi nyeusi ilikuwa imeshaanza kubanduka. Ndani yake kutu, na chini ya kutu mafuta yaliyovuja yakashikana na vumbi. Halafu nikaona kibonyeo ubavuni mwa shokapu moja. Nilikijua kile kibonyeo. Nilikitia mwenyewe mwaka jana, nilipopanda jiwe nikirudisha gari nyuma pale kanisani.

Hakuniuzia hata mtumba. Zilikuwa shokapu zangu zilezile. Alizipaka rangi akanirudishia.

Nilitoka chini ya gari. Baba alikuwa amelazwa barazani apate hewa.

"Baba, fundi wako ametutapeli. Shokapu ni zilezile za zamani."

"Usimseme vibaya yule," akasema. "Labda kuna kitu kingine kimelegea."

"Nimeziona kwa macho yangu."

"Wewe mambo ya magari umeyajulia wapi?"

Sentensi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akiitwa kushika tochi na kuleta spana; mimi nikisogea, naambiwa nikamsaidie mama jikoni. Kaka sasa yuko mbali, hupiga simu kwenye sikukuu. Godoro la mgonjwa tunalibeba mimi na mdogo wangu.

Nilichukua spana, nikamwagia nati mafuta, nikasubiri kidogo, nikakaza nguvu. Nati haikusogea. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, nikalikanyaga kwa mguu na uzito wangu wote. Nati ililia, ikaachia, nikaanguka na kuchunika vifundo vya vidole. Mdogo wangu akakimbia na kitambaa. Nilimfukuza. Sikutaka kufutwa damu, nilitaka nati ya pili.

Zote mbili zilipotoka, niliisimamisha ile yenye kibonyeo sakafuni mbele ya baba, nikaikandamiza kwa kiganja. Shokapu nzima hukubishia, ukiisukuma unatumia nguvu. Ile ilididimia kama kisu kwenye siagi, mafuta machafu yakachuruzika barazani.

"Ivute juu," baba akasema.

Nikaivuta. Ikaja bila ubishi wowote. Baba aliitazama, akapitisha kidole kwenye kibonyeo, rangi ikabaki kwenye ukucha wake. Kisha akageuza uso ukutani.

Nikazitia kwenye kiroba, nikapanda bodaboda mpaka gereji. Kulikuwa na wateja watatu kwenye benchi.

"Shikamoo, dada," fundi akanisalimia. Sikuitikia. Niliziangusha miguuni pake.

"Waambie hawa watu. Hizi ni mpya?"

"Dada, njoo tuongee pembeni."

"Pembeni hapana. Baba yangu hakulilia pembeni, amelia barabarani watu wanasikia."

Akaanza kusema ni vijana wake ndio waliokosea. Nilimuuliza kama ni vijana wake pia walioinama wakanionyesha. Mteja mmoja aliinuka kimyakimya, akaenda kuchungulia chini ya gari lake. Nadhani hilo ndilo lililomshinda fundi. Alimtuma mtu duka la spea, zikaja shokapu mbili ndani ya maboksi yake.

"Nakuja kukufungia mwenyewe," akasema.

"Gari langu hutaligusa tena."

Mchana ule nilizifunga. Nilikuwa nimeanza kukaza bolti za chini niliposikia sauti barazani: "Acha kwanza. Usikaze za chini mpaka gari likae kwa magurudumu yake, la sivyo bushi zake za mpira zitakatika."

Lilikuwa somo la kwanza la gari baba kunipa, nami nina miaka arobaini na sita. Mtu angetegemea moyo ulainike. Mimi nilikasirika upya. Kumbe haya yote alikuwa nayo, na alijua kuyasema kwa maneno machache tu.

Safari iliyofuata baba aliguna mara moja, basi. Nesi hakuuliza kitu.

Siku mbili baadaye fundi alibisha hodi, papai kubwa mkononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Baba!" nikapaza sauti. "Huyu?"

"Ameniumiza, najua. Lakini nimemlea."

"Na mimi, je? Mimi nimelelewa na nani?"

Baba aliangalia makovu ya vifundo vyangu. Halafu akamwambia fundi, "Usiniombe radhi mimi. Mwombe huyu. Yeye ndiye aliyelala chini ya gari."

Fundi aliomba radhi, macho yake yako kwenye mkeka. Nilimwambia nimesikia. Sikusema nimesamehe, kwa sababu sikuwa nimesamehe, na mpaka leo nikipita mbele ya gereji ile natazama upande wa pili.

Nililimenya papai, nikamkatia baba, nikamkatia mdogo wangu. Mgeni sikumkatia. Baba aliona, akaendelea kula.