Jina la Mke Kwenye Karatasi

Juzi hospitalini Nizwa, televisheni ilimwonyesha mwigizaji mashuhuri wa Kimarekani. Mzee aliyekaa na mkewe akatuhadithia sisi tuliosubiri maisha yote ya mwigizaji huyo: tamthilia ya kwanza, tuzo, mpaka mume wa tatu. Jina lake alilitaja kwa sauti, tena na tena.

Karani akamwuliza, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Mzee akatutazama sisi wanaume, akaomba kalamu, akaliandika jina la mkewe, akakunja karatasi.

"Yule unamtangaza," mkewe akasema, "mimi unanificha?"

"Hiyo heshima, bibi. Jina la mke halitajwi mbele za wanaume."

Bibi akavuta shela. "Basi leo nivunjie heshima."

Mzee akamkabidhi karani karatasi ile iliyokunjwa. Nami hadi leo jina ninalolijua ni la yule Mmarekani tu.