Jioni Mzee Barasa Alipokuja Kupiga Reli

Wajukuu wangu husema babu ameanza kuchanganyikiwa, na kwa mambo mengine huenda ni kweli. Juzi nilitafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeivaa. Lakini jambo hili sikuliota, wala sikusimuliwa na mtu. Nililiona kwa macho haya, nikiwa kijana mwenye akili timamu, sijaonja pombe, na birika la chai likichemka mbele yangu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa mvua za vuli, katika shamba la mzungu mmoja upande wa Gilgil, kwenye mto unaoteremka kutoka Nyandarua kwenda Ziwa Naivasha. Siku hizi watu wakipita pande zile wanawaza nyama choma ya Kikopey. Sisi tuliwaza maji. Mwaka mmoja kabla sijaajiriwa, mto ulikuwa umefurika na kuchukua ng'ombe wa maziwa wa yule mzungu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Aliwalilia ng'ombe wake, nasikia, kama mtu aliyefiwa. Baada ya hapo akaweka watu wa kuangalia mto. Aliwaweka kwa ajili ya ng'ombe, tusidanganyane, lakini faida ilitufikia na sisi.

Mmoja wa watu hao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma sekondari mpaka karo ikakatika, kwa hiyo nikaonekana nafaa kupima mvua. Asubuhi nilimimina maji ya kipimo cha mvua katika gilasi yenye alama, nikayasoma. Mchana nilikaa katika kibanda juu ya ukingo wa mto, nikitazama nguzo iliyosimikwa majini. Nguzo ilikuwa na rangi nyeupe chini na nyekundu juu. Maji yakigusa nyekundu, nilitakiwa kupiga kipande cha reli kilichoning'inia nje ya kibanda, kwa nguvu zote, mapigo matatu matatu.

Chini yangu, mbele ya kona ya mto, alikaa Mzee Barasa. Yeye ndiye aliyesikia reli yangu. Watu wa laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kule bondeni, hawakuweza kuisikia kwa sababu ya kilima. Basi Mzee Barasa akiisikia, alitakiwa kwanza kupanda kilimani na kupiga reli yake ili nijue amenisikia. Kisha ateremke laini akipiga debe, nyumba kwa nyumba, watu wahame. Na kama mimi nikipiga nisijibiwe, sheria ilikuwa moja: niteremke mwenyewe kwa miguu nikawaambie watu.

Sheria nzuri, sivyo? Tuliivunja wenyewe, mimi na Mzee Barasa, tena tukicheka.

Alikuja kibandani siku moja akichechemea, gunia la mahindi kichwani kama kofia ya mvua, akaketi karibu na moto.

"Karani," akaniambia, maana aliniita hivyo kunitania, "hiki kilima kitaniua kabla ya mto. Goti langu limezeeka kuliko mimi."

"Sasa mzee, nikipiga na usipojibu, nitajuaje umesikia?"

"Utajua kwa sababu mimi ni Barasa. Wewe piga. Mimi nikisikia, badala ya kupanda kilimani kukujibu, nateremka moja kwa moja kuwaambia watu. Si ndiyo haraka zaidi? Au huko shule walikufundisha kupanda ili ushuke?"

"Na ukiwa umelala?"

"Nilale! Mimi? Uliza mke wangu kama nalala. Kazi yangu usiku ni kukohoa."

Tulicheka. Lakini usifikiri nilikubali kwa kumhurumia. Nilikubali kwa sababu nami sikupenda ile sheria ya kuteremka kwa miguu. Njia ilikuwa ya matope na upupu. Kama kunyamaza kwake ni jibu, basi mimi sina haja ya kutoka kibandani tena. Tukajiona tumempita mzungu akili. Na kweli, mara mbili mto ulipopanda, nilipiga, nikakaa kimya, na mzee akaenda kuwaambia watu kama tulivyopatana. Hakuna aliyejua.

Dada yangu Rosa alikuwa akiishi kule laini. Mumewe alikuwa mkamuaji wa ng'ombe, na walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, wa kiume, wakampa jina la marehemu baba yetu. Nilipokwenda kumwona alikuwa akinichokoza. "Huyu mjomba wako," alimwambia mtoto, "kazi yake ni kutazama maji yakipita. Analipwa kwa kutazama!" Kisha akaniambia bila mzaha, "Lakini tunalala kwa sababu yenu, kaka. Tukisikia debe la mzee tunabeba watoto tunapanda juu. Lisipolia, tunalala."

Sasa ngoja nikueleze siku yenyewe.

Mvua ilianza kabla ya mchana, ikitokea milimani. Ilikuwa ile mvua isiyo na upepo, inayomwagika kama ndoo imepinduliwa na haina haraka ya kwisha. Alasiri ilikuwa na giza kiasi kwamba kuku walikwenda kulala. Nikawa natoka kila mara kutazama nguzo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, majani, na mara moja mzoga wa kondoo. Nyeupe ikawa inapungua, inapungua, mpaka maji yakagusa nyekundu.

Nikapiga reli. Niamini, nilipiga vizuri. Mapigo matatu, nikapumzika, matatu tena, mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu nikasikiliza. Kimya, mvua tu. Nikaridhika, kwa sababu kimya ndicho tulichopatana. Nikaingia ndani, nikavua koti, nikabandika chai.

Chai ilikuwa imeanza kuchemka nilipomwona Mzee Barasa amesimama mlangoni.

Nilishangaa, lakini sikuogopa. Kwa nini niogope mtu ninayemjua? Alikuwa na gunia lake kichwani. Nikamwambia, "Mzee, umefika saa ngapi? Umeshawaambia watu?"

Akasema, "Leo sikukusikia."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya chini kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Nikacheka. "Kama hukunisikia, umejuaje kama nimepiga? Ingia, mzee, unywe chai, unanitisha bure."

"Leo sikukusikia," akasema tena. Hakuingia.

Hapo ndipo nikaanza kumtazama vizuri. Nje mvua ilikuwa inamwagika nyuma yake na juu yake. Lakini gunia lile lilikuwa kavu. Lilikuwa na unga mweupe wa mahindi kwenye mishono, ule unga ambao tone moja la maji huugeuza uji. Mabega yake makavu. Miguu yake ilikuwa katika tope, na tope halikuwa limebonyea.

Akageuka, akaenda penye reli. Hakuchechemea, na hilo nalo nililiona. Akachukua kile chuma nilichotumia kupigia, akainua mkono mpaka juu, akapiga kwa nguvu ya mtu anayepasua kuni. Reli ikayumba. Niliiona kwa macho yangu ikiyumba kwenye waya wake. Lakini haikutoa sauti. Akapiga tena. Akapiga tena. Nilisikia mvua, nilisikia mto, nilisikia birika langu likifurika motoni. Reli ilikuwa kimya kama kipande cha nguo.

Umewahi kuona mtu anapiga kelele na mdomo wake hautoi kitu? Ndivyo ilivyokuwa.

Alipochoka, kama watu wa namna ile huchoka, aliweka chuma chini taratibu. Akaenda mpaka mwanzo wa njia ya kuteremkia laini, akasimama, akanigeukia. Hakuniita. Hakunipungia mkono. Alisimama tu akinitazama, kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kuvaa viatu waondoke pamoja.

Nami nilielewa. Nisiseme uongo katika uzee huu, nilielewa yote kwa mara moja. Nilielewa kwamba huyu hakuwa tena mtu wa kunywa chai. Nilielewa kwamba kama yuko hapa, basi hakuna aliyekwenda laini. Dada yangu angelala kwa sababu debe halikulia. Na mto ulikuwa bado haujafika bondeni. Maji yale huchukua muda kujaza mabwawa ya juu kabla ya kuvuka ukingo. Kijana mwenye miguu yangu angefika.

Nilifunga mlango.

Niliukaza kwa kipande cha mti, nikazima moto kwa ile chai, nikajifunika koti kichwani. Mara moja tu nilichungulia katika ufa wa mbao. Radi ilimulika nikamwona bado amesimama pale pale njiani, ananingoja. Alingoja muda mrefu. Nilipochungulia tena, njia ilikuwa tupu.

Maji yaliingia laini watu wakiwa wameshalala. Asubuhi nilishuka pamoja na wengine. Nyumba za safu ya chini hazikuwepo. Rosa tulimkuta juu ya mgunga, amejifunga kwenye tawi kwa kanga, mikono yake imekauka kama ya mtu anayekumbatia kitu. Mtoto alimponyoka usiku, baridi ilipomaliza nguvu za vidole vyake. Mumewe alikuwa ameogelea kuwarudia ndama, hakuonekana tena.

Mzee Barasa tulimpata siku iliyofuata. Hakuwa mtoni. Alikuwa katika korongo lililo nyuma ya kibanda chake, chini ya tope, gunia bado limemfunika kichwa. Chakula chake cha mchana kilikuwa bado kimefungwa kitambaani, hakijaguswa. Korongo lile lilikuwa limeporomosha maji na tope mchana, nilipokuwa bado nahesabu vidole vya rangi nyeupe vilivyobaki kwenye nguzo. Nilipopiga reli yangu, nilikuwa nampigia marehemu.

Kweli, watu waliona kile chakula, lakini nani alikuwa na nafasi ya kufikiri kwamba mzee alikufa mchana? Wengi walikuwa wanachimba makaburi. Bwana Kofia aliniuliza kama nilipiga. Nikasema nilipiga. Akauliza kama nilijibiwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Ndiyo, bwana. Alijibu."

Umeona? Kwa neno hilo, Mzee Barasa akawa ndiye aliyesikia, akajibu, kisha akarudi kulala. Watu walisema alikuwa amelewa. Mjane wake alifukuzwa shambani na vyombo vyake kichwani. Miaka mingi baadaye, katika mashamba yale, mtu akisinzia kazini aliambiwa, "Usilale kama Barasa." Nilikuwa nikisikia, nikanyamaza. Wakati ule kulikuwa na hali ya hatari, watu wakikatazwa kutembea gizani, na wengine walinitetea kwa hilo bila mimi kuomba. "Angeteremka vipi? Angepigwa risasi." Lakini sisi waangalizi wa mto tulikuwa na ruhusa. Nilikuwa nayo mfukoni.

Rosa aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha hospitali Nakuru, hatazami mtu. "Kaka, ulipiga?"

"Nilipiga."

"Basi ni yule mzee," akasema. Alimlaani Barasa mpaka alipokufa yeye mwenyewe, miaka mitatu iliyopita. Nilikaa kando ya kitanda chake wiki ile yote. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Nilimzika bila kumwambia.

Tangu jioni ile sijasikia chuma kikipigwa. Usinicheke. Nasikia ng'ombe, nasikia redio, nasikia mvua kwenye mabati vizuri kuliko ninavyotaka. Lakini hapa Lanet ninapoishi, Jumapili namwona kijana wa kanisa akivuta kamba, kengele inayumba, watu wanaanza kutembea, na mimi sisikii kitu. Fundi wa mageti jirani yangu anainua nyundo, anashusha, kimya. Daktari alinipima akasema masikio yangu ni mazima kuliko yake. Sikumweleza. Ningemwelezaje?

Nasikia siku hizi watu wa Kihoto, kule kando ya Ziwa Naivasha, maji yakipanda wanaambiana kwa simu. Ni vizuri. Lakini wewe unayenisikiliza, ukimpigia mtu kumwambia maji yanakuja na asikujibu, usijiambie amesikia. Usipange na mtu yeyote kwamba kunyamaza kwake ni jibu, hata kama ni mtu mzuri, hata kama goti lake linauma. Vaa gambuti, uende. Na kama njiani utamkuta mtu amesimama kwenye mvua na nguo zake ni kavu, usimwogope kama nilivyomwogopa. Tembea naye. Huenda hana neno baya na wewe. Huenda anachotaka ni miguu yako.

Na ukipita mashamba ya Gilgil ukasikia mtu akiambiwa asilale kama Barasa, waambie nimesema mimi: Barasa hakulala. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akaningoja.