Ndiyo ya Mama

Kiharusi kilimwachia mama neno moja tu: ndiyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, mtu wa kusikika mpaka darasa la tatu kutoka lake. Sasa ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo hiyo hiyo, na macho yake yanawaka kwa hasira.

Tuliishi wawili mtaa wa Nkuhungu. Mimi nilikuwa karani mjini. Kwa kuwa Dodoma sikupata mtu wa kumfundisha mgonjwa kusema upya, daktari alinipa namba ya mtaalamu wa Dar es Salaam, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona sura. Bosi wangu aliniruhusu kutumia simu ya ofisi yenye spika kila Jumamosi asubuhi. Sauti ilikuja ikikatikakatika: "Mwalimu, imba pamoja nami. Moja, mbili, tatu." Kwa kuimba, mama alifika kumi. Akiambiwa aseme "tatu" peke yake, mdomo ulihangaika, kisha: "Ndiyo."

Jumamosi moja tulikuwa tunajiandaa kutoka, mjomba akafika na pikapu ya kuazima. Ni mdogo wake mama, mkulima upande wa Mtera.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua dada. Hapa anashinda peke yake kama mfungwa."

Nilimwambia mama ana matibabu. Akacheka. "Ya kwenye simu?" Akamgeukia. "Dada, twende nyumbani?"

"Ndiyo."

"Umesikia mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele ya mama. "Mama, unataka kubaki hapa na mimi?"

"Ndiyo."

Mjomba akaanza kukunja mablanketi. Nikayashika upande wa pili. Tulivutana mbele ya mgonjwa, watu wazima wawili, mpaka mama akapiga meza kwa mkono wake mzima. Nikamwomba mjomba jambo moja tu: atupeleke ofisini kwanza, asikie mwenyewe.

Simu ilipokelewa. Nikaeleza mambo yote.

"Mjomba," mtaalamu akasema, "muulize dada yako kama yeye ni mwanamume."

Mjomba akamgeukia. "Dada, wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo," mama akasema, machozi yakimtoka.

Mjomba akakaa chini.

"Anaelewa kuliko mnavyodhani. Kinachomsaliti ni mdomo, kwa hiyo msiuulize mdomo. Binti, wewe chora nyumba zote mbili, yako na ya mjomba."

Nilichora nyuma ya karatasi za ofisi: nyumba yetu ya bati na bomba lake, kisha tembe la mjomba, la udongo na paa bapa, na zizi la ng'ombe. Nakiri kwamba yetu niliichora vizuri zaidi. Nikaziweka mbele yake. Mkono wa mama ukatambaa juu ya meza, ukapita bomba, ukatua kwenye tembe.

"Badilisha pande, umuulize tena," sauti ikasema.

Nikabadilisha. Tembe. Nikabadilisha mara ya tatu, polepole, nikiomba akosee. Tembe.

Nilikuwa na hakika angenichagua mimi. Nilitaka kukata simu. Mtaalamu akauliza taratibu, "Binti, bado upo?" Mjomba ndiye aliyejibu: "Yupo. Sasa tuambie, huko nyumbani mimi nifanye nini?"

Aliondoka naye siku ileile. Mwezi mzima sikwenda kumwona, nilisingizia kazi. Lakini Jumamosi niliendelea kumpigia mtaalamu simu, nikaandika mazoezi kwenye daftari na kumtumia mjomba kwa basi. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta mama uani anapepeta uwele kwa mkono mmoja, mjomba kamshikia ungo upande wa pili, wanahesabu kwa wimbo. Wanawake wa jirani walimsalimu, "Mbukwa," naye akajibu kwa Kigogo, lugha aliyoninyima utotoni ili nifaulu Kiswahili cha shule. Mimi nilisimama pale nikiwa sielewi.

Kwa nini alichagua kule hakuweza kunieleza. Nadhani mjini alichoka kuonwa na wanafunzi wake wa zamani.

Maneno ya Kiswahili yalirudi machache, baada ya mwaka: chai, jua, hapana, jina langu. Sentensi nzima hazikurudi. Mtaalamu alihamia nchi nyingine, namba yake ikawa haipatikani. Mjomba ndiye aliyeendelea kumfundisha, kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, mpaka mama alipofariki.