Kiatu Kisichovuliwa cha Hellen Kavetsa

Kabla hujamaliza kuitikia salamu, Hellen Kavetsa amekwisha kukuangalia miguu. Ni saa tatu asubuhi, na katika kibanda chake cha mabati mtaani West Indies, mjini Eldoret, mteja wa kwanza ameketi juu ya kreti la soda. Hellen anamvua kiatu cha kulia, anakipindua, na kupitisha kidole kwenye soli.

"Wiki tatu, na soli haina hata tope," anasema. "Wewe unakaa Langas ama unakaa mbinguni?"

Mteja, Mzee Kiprotich, mkazi wa mtaa wa Langas, anacheka kidogo. Hellen hacheki.

Kiprotich, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anaugua kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu ana kidonda. Hakimuumi, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ugonjwa umeua hisia za unyayo wake. Anakikanyaga kutwa nzima bila kujua. Kiatu alichoshonewa na Hellen kina shimo pana chini ya kidonda, ili uzito wa mwili uangukie kwingine. Kidonda kisipokanyagwa hupata nafasi ya kujifunga.

Shida ni kwamba mzee alikipenda mno kiatu chenyewe. Amekuwa akikivaa kwenda kanisani na kliniki. Nyumbani anaburuta patipati.

"Ni kiatu mzuri, Mama Faith," anajitetea. "Sasa niharibu na matope?"

"Nilikutengenezea ya matope! Hii si ya kuonyesha pasta."

Hellen, mwenye miaka hamsini na miwili, anasema karibu kila mteja hufanya kosa hilo. Watu waliozoea kuweka kitu kipya kando kwa ajili ya siku kubwa hawawezi kuamini kwamba kiatu kizuri ni cha kuendea chooni. Lakini kwa Kiprotich muda umeyoyoma. Wiki iliyopita Chepkoech, muuguzi anayempelekea Hellen wagonjwa, alimwambia mzee waziwazi kwamba kidonda kimezama, na kikifika mfupani atakatwa kidole, pengine mguu.

Kazi yenyewe Hellen alifundishwa na Chepkoech. Hellen anapaka lipstiki juu ya bandeji, mahali kilipo kidonda, kisha mgonjwa anakanyaga sponji. Panapobaki wekundu ndipo Hellen anapochimba, akikwangua kingo zisije zikauma. Sponji anaitoa kwenye raba zilizochakaa za wanariadha wanaofanya mazoezi Kaptagat, nje ya mji. Kiatu kimoja ni shilingi mia nane, na wiki nzuri anauza vinne.

Vifaa vyake ni sindano, kisu na gundi. Mashine ya kushonea hana. Aliwahi kuwa nayo.

Mumewe, Eliakim, ndiye aliyekuwa fundi wa viatu, na duka lao lilikuwa Langas. Siku za mwanzo za Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kundi la watu lilikuja na petroli. Kabla ya kuwasha moto, mtu alitoa cherehani nje akaibeba begani. Hellen aliyaona hayo akiwa amejificha nyuma ya choo na bintiye Faith. Sura ya aliyebeba hakuiona, maana alikuwa amempa mgongo. Eliakim alitoroka bila viatu.

Katika kambi ya wakimbizi, Eliakim, ambaye naye alikuwa na kisukari, aliota kidonda chini ya mguu.

"Nilikuwa naosha kila asubuhi, nafunga na bandeji safi, safi kabisa," Hellen anasema, na sauti yake inapanda. "Halafu anaamka anaenda kusimama kwa laini ya unga mpaka saa sita. Anakanyaga tu. Mimi namsifu ati ni mwanaume mvumilivu, haliii! Kumbe ni mguu ilikuwa imekufa. Hakuna mtu alituambia asikanyage. Ni kitu kidogo hivyo. Asikanyage."

Mguu ulikatwa mwezi wa Agosti. Eliakim alifariki mwaka uliofuata. Leo, miaka sita tangu duka lichomwe, Hellen hajawahi kurudi Langas.

Na Mzee Kiprotich? Alikuwa jirani yao, mlango kwa mlango. Dirisha lake lilitazama duka.

"Pazia ilisogea," Hellen anasema, bila kupunguza sauti, ingawa mzee yuko hapo hapo. "Alikuwa ndani. Alimuona huyo mtu wa mashine kwa uso."

Kiprotich anaangalia sakafu. "Mama Faith, hiyo maneno ni ya zamani. Maji ikimwagika haizoleki."

"Haikumwagika. Ilimwagwa."

Hellen anatoka nje kumpigia Chepkoech simu, wanakubaliana kiatu kisivuliwe wiki nzima, na anaporudi ameshika uzi wa nailoni. Anamvalisha mzee kiatu polepole, anapima nafasi ya kidole chini ya kila mkanda, halafu anaanza kuishona mikanda ikiwa mguuni. Anakata bizimu za mikanda. Hakuna tena pa kufungulia.

"Sasa utalala nayo," anamwambia. "Utaenda choo nayo. Kila Jumanne unakuja nakata uzi, Chepkoech anaosha kidonda, nashona tena. Ukiona homa ama harufu, usingoje Jumanne."

"Na kuoga?"

"Funga karatasi ya nailoni."

Nilimuuliza Hellen kwa nini anamhangaikia hivi mtu ambaye hawezi kumtazama bila kukunja uso. Nilitarajia aniambie habari za msamaha. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Msamaha gani? Mimi nataka huo mguu upone. Eliakim alizikwa na mguu mmoja. Huyu nataka abaki na yote miwili, kwa sababu akipona tunaenda Langas, mimi na yeye. Tutasimama pale duka ilikuwa, aniambie nani alibeba ile mashine. Na siku hiyo asiniambie ati hawezi kutembea."

Kiprotich ameyasikia yote. Anainuka, anashika mkongojo wake, na kwa mara ya kwanza anakanyaga chini taratibu, akiangalia anapoweka mguu.